Urithi na roho za watu: Palmyra na Timbuktu

Timbuktu mwaka 2012 na Palmyra mwaka 2015, wenyeji waliulizwa swali moja na vita: urithi wa kale uokolewe kwa gharama gani?

Palmyra, Syria, Khaled al-Asaad alikataa kuhama. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, na kwa miaka 40 ndiye aliyesimamia mambo ya kale ya mji huo. Wapiganaji wa Daesh, kundi linalojiita Dola la Kiislamu, walimkamata, wakamkata kichwa Agosti 2015. Siku chache baadaye wakalipua hekalu la Bel, lenye umri wa karibu miaka 2,000. Namheshimu mno mzee yule. Lakini nguzo za mawe hazibebeki, na damu yake haikuzima baruti.

Timbuktu, Mali, walichagua kuondoka na mali. Abdel Kader Haidara, mtunza maktaba, na wenzake walipakia maandiko ya kale yaliyoandikwa kwa mkono kwenye masanduku ya bati, wakayasafirisha kwa siri, kwa magari na mashua za Mto Niger, hadi Bamako. Wabebaji nao walihatarisha maisha, tusisahau. Ila wao waliikimbia hatari, hawakuingoja. Makaburi ya mawalii yaliyobomolewa na wapiganaji walioushika mji yalijengwa upya kufikia 2015, kwa kuwa mafundi wa udongo walikuwa bado hai, na kazi wanaijua.

Nachagua njia ya Timbuktu. Hata Palmyra, mamia ya sanamu yalihamishwa kabla mji haujaanguka. Natamani mzee naye angepanda gari lile.