TAHADHARI: Muuzaji wa "monita za studio" zenye koni nyeupe, Dar es Salaam

Ndugu zangu mnaorekodi na kumiksi nyumbani, kuna mtu hapa Dar es Salaam anauza seti za spika za kujiundia kupitia WhatsApp na Instagram, akiziita monita, yaani spika za kusikilizia unapomiksi, na wanaopigwa zaidi ni vijana wanaoanza. Jina la ukurasa wake siliandiki kwa sababu kila akishtukiwa anafungua mwingine. Mtambueni kwa maneno yake na kwa bidhaa yenyewe.

Seti yake ni boksi mbili zilizokatwa tayari, wufa mbili (spika za sauti nzito) zenye koni nyeupe, twita mbili (za sauti nyembamba), bodi ya amplifaya na adapta. Unafunga mwenyewe kwa bisibisi. Bei inaanzia laki nne na nusu. Ukisita inashuka hadi laki tatu na ishirini, kwa maelezo kwamba ni mzigo wa studio iliyofungwa na mwenye mali anasafiri kesho. Kisa cha mzigo uliozidi si kigeni. Marekani na Uingereza matapeli wamekuwa wakiuza spika mbovu kutoka kwenye magari meupe barabarani tangu miaka ya 1980, kwa maneno hayohayo. Huyu wa kwetu anataka nusu ya pesa itangulie, jina linalotokea kwenye muamala si lile analojitambulisha nalo, na bodaboda akifika huruhusiwi kufungua chochote mpaka umalizie. Ukimalizia, anakupiga bloku.

Koni nyeupe ndiyo chambo. Kila aliyeangalia picha za studio kubwa ameziona Yamaha NS-10, zenye koni nyeupe. Spika hiyo ilitoka mwaka 1978 kwa ajili ya kusikilizia muziki nyumbani, mainjinia wakaihamishia studio, ikawa kipimo cha kazi zao karibu kila mahali. Yamaha waliacha kuitengeneza mwaka 2001 kwa sababu malighafi ya koni ile haikupatikana tena. Kwa hiyo mtu anayekwambia leo kwamba anazo "mpya kabisa, hazijafunguliwa" ameshasema uongo. Kuna na alama nyingine isiyohitaji kifaa chochote: boksi la NS-10 limezibwa pande zote, halina tundu la hewa. Za huyu bwana zina tundu mbele, tena lina pete ya rangi ya fedha.

Seti moja imefika mezani kwangu, imeletwa na kijana anayerekodi singeli Mbagala. Aliuza simu yake ili aipate. Tuliifungua pamoja. Weupe wa koni ni rangi ya kupuliza; ukipitisha ukucha pembeni, karatasi nyeusi inatokea. Nyuma ya wufa kuna kinachoonekana kuwa sumaku kubwa, na ukiinyanyua ni nzito kweli. Nilibandua kifuniko cha plastiki. Ndani mna sumaku ndogo ya spika ya redio, na pembeni yake pote pamejazwa saruji. Saruji, jamani! Stika inasema omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), wati 300. Niliweka mita ya umeme, ikasoma 3.4. Wufa ya omu 8 ikipimwa kwa mita ya kawaida husoma kati ya 5.5 na 7. Inayosoma 3.4 ni ya omu 4, na spika nyingi za gari ndivyo zilivyo.

Kilichoniuma zaidi ni krosova, maana hiyo ndiyo inayoamua kama spika inafaa kumiksia au haifai. Kazi yake ni kugawa: sauti nzito ziende kwenye wufa, nyembamba ziende kwenye twita. Kwa wufa ya inchi sita na nusu na twita ya kuba, mgawanyo kwa kawaida huwekwa kwenye 2,000 hadi 3,000 Hz, yaani mitetemo kwa sekunde. Ndani ya boksi hili hakuna koili hata moja, ile ya kuzuia sauti nyembamba zisiende kwenye wufa. Kuna kapasita ya maikrofaradi 2.2, imegandishwa kwa gundi ya moto kwenye waya wa twita, basi. Kwa twita ya omu 8, kapasita hiyo inaanza kupitisha sauti vizuri kuanzia kama 9,000 Hz. Wufa nayo imeachiwa kila kitu bila kizuizi. Matokeo yake, pale ambapo maneno ya mwimbaji yanaeleweka, pale panapokaa mlio wa snea na ncha ya gitaa, panasimamiwa na karatasi ya bei rahisi isiyotengenezwa kwa kazi hiyo, halafu huko juu kabisa twita inapiga kelele peke yake.

Ndiyo maana nasema hasara haiishii kwenye hela. Kijana huyu alinisikilizisha nyimbo alizomiksi kwa spika hizo. Boksi ni la chipbodi nyembamba na tundu lake halikupigiwa hesabu, kwa hiyo linavuma karibu na 120 Hz. Yeye anasikia besi imejaa, anaipunguza. Wimbo ukienda kupigwa kwenye sabufa za kigodoro, ngoma ya chini haipo, na singeli bila ngoma ya chini hakuna atakayeicheza. Kwa juu napo, kwa sababu twita inachoma, amekata mpaka sauti ya mwimbaji imefifia. Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba hana sikio la muziki. Nilimpa hedifoni zangu, akasikia kasoro zote mwenyewe na akaanza kuzirekebisha palepale. Sikio analo, na zuri. Alidanganywa na spika.

Kuhusu amplifaya. Chipu iliyo kwenye bodi yake, TPA3116 ya Texas Instruments, si mbaya, watu wengi wanaojiundia spika wanaitumia. Waliotengeneza wameikadiria wati 50 kila upande, kwa spika ya omu 4 na umeme wa volti 21. Muuzaji huyu anaitangaza kuwa wati 1000 na anakupa adapta ya volti 12. Kwa volti 12, spika ya omu 8 haipati zaidi ya wati 9 hivi kabla sauti haijaanza kukwaruza. Ya omu 4 ni kama 18. Hizo 1000 ni za PMPO, namba isiyo na kanuni inayofuatwa na wote, kila mtu anaandika anavyopenda. Ulizeni wati za RMS, yaani za kweli zinazoendelea kutoka, kisha tazameni adapta ni ya volti ngapi.

Sipingi kujiundia, na nisingependa mtu aache kwa sababu ya huyu. Kwa pesa hiyohiyo unaweza kupata spika inayopita nyingi za dukani, na maseremala wa Keko watakukatia boksi la MDF ya milimita 18 lililonyooka vizuri. Ila vipimo vinatangulia mbao. Wufa yoyote ya maana inauzwa na namba zinazoeleza tabia yake: Fs, Qts na Vas. Ni vipimo vya Thiele na Small, yaani Neville Thiele, aliyeandika makala yake Australia mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza kazi hiyo. Kwa namba hizo unapiga hesabu ya boksi liwe lita ngapi na bomba la hewa liwe na urefu gani. Bila namba hizo, mtu anabahatisha kwa pesa yako. Nilimwandikia muuzaji huyu kama mteja, nikamwomba Qts ya wufa na mchoro wa krosova. Akajibu: "Kaka hizi ni original za Ujerumani, besi ya kufa mtu." Yamaha ni ya Japani.

Mkitaka kujua mbunifu mkweli anavyoonyesha kazi yake, tafuteni Overnight Sensations, spika za kujiundia za Paul Carmody. Vipimo vya boksi, aina ya wufa na twita, krosova nzima, vyote ameviweka wazi, bure. Anayeuza seti halafu hana hata karatasi moja ya namna hiyo, mwacheni na mzigo wake.

Na hata akiwa nazo karatasi, msinunue bila kukutana. Nendeni na bisibisi na mita ya umeme. Fungueni wufa moja mtazame nyuma. Shikeni betri ya volti 1.5, gusisheni waya za kila wufa kwa mpangilio uleule: koni zote mbili ziende upande mmoja. Kwenye seti ya Mbagala moja ilitoka nje na nyingine ikaingia ndani, maana yake waya ziliunganishwa kinyume, na sauti ya katikati haiwezi kukaa katikati. Kisha pigeni wimbo mnaoujua vizuri, kwa sauti ya chini. Spika mbovu hujificha kwenye makelele. Malipo yaende kwenye Lipa Namba yenye jina la duka mnalosimama ndani yake, na mdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Wewe ambaye umeshatuma pesa, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe. Ukichelewa pesa inatolewa kwa wakala. Meseji zake zipeleke kwenye namba 15040 ya kuripoti utapeli, halafu nenda polisi na namba ya muamala na picha za mazungumzo kabla hajayafuta. Kama boksi lina nembo ya Yamaha, hiyo ni bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani, FCC, inashughulikia bidhaa bandia. Wufa, stika na kifuniko chenye saruji usivitupe hata kama umekasirika kiasi gani, maana ndivyo utakavyoulizwa.