Jiji Gani la Kwenda Likizo Fupi ya Mwaka: Mwongozo wa Kuchagua kwa Kuhesabu Saa

Mtu mwenye siku tano au sita tu za kusafiri nje ya nchi katika mwaka mzima ananunua saa kabla ya kununua kitu kingine chochote. Tiketi ya ndege, hoteli na viza ni gharama za kuzipata saa hizo, na jiji lolote, hata liwe na sifa kubwa kiasi gani, hupungua thamani kila linapomlazimisha mgeni azimalize saa zake ndani ya gari, kwenye foleni, au kitandani akihangaika na usingizi usiokuja. Ndiyo maana orodha ninayoipanga hapa haifuati umaarufu wa majiji. Kipimo changu ni kimoja: ndani ya muda huo mfupi, mgeni atabaki na saa ngapi akiwa macho, anatembea kwa miguu yake, na yuko mbele ya kile alichokuja kukiona?

Kabla ya kuyafikia majiji yenyewe, tuanze na tiketi, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoibiwa siku zao bila kujua. Chukua tiketi mbili za kwenda jiji lile lile, kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu. Ya kwanza ina nauli nafuu. Inafika Alhamisi saa 4 usiku na kuondoka Jumatatu saa 12 asubuhi. Ya pili ina nauli kubwa zaidi. Inafika Alhamisi saa 2 asubuhi na kuondoka Jumatatu saa 2 usiku. Kwenye karatasi zote mbili ni safari za siku tano, lakini mwenye tiketi ya kwanza ana siku tatu tu, Ijumaa hadi Jumapili, na hata jioni ya Jumapili imeharibika kwa sababu atapaswa kuamka usiku wa manane ili awahi uwanja wa ndege. Niliwahi kuchukua tiketi ya aina hiyo kwa kuvutiwa na nafuu yake. Nilifika hotelini saa 7 usiku, nikiwa nimelipa teksi kiasi kilichomeza nusu ya nafuu niliyoipata, na asubuhi yangu ya kwanza ikapita mapazia yakiwa yamefungwa. Tangu hapo, ninapolinganisha tiketi, huigawa tofauti ya nauli kwa idadi ya saa za mchana zinazoongezeka, na mara nyingi tiketi iliyoonekana ghali ndiyo inayotoka nafuu.

Jambo la pili ni tofauti ya majira ya saa kati ya unakoishi na unakokwenda. Kwa kukadiria, mwili huhitaji takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti, na kuelekea mashariki huwa kugumu zaidi kuliko kuelekea magharibi, kwa sababu mwili unatakiwa ulale mapema kuliko unavyotaka. Maana yake ni kwamba mwenye siku tano anayekwenda mahali penye tofauti ya saa saba atakuwa amekaribia kuzoea siku ile anapofunga begi kurudi. Kwa likizo ya namna hii, usivuke tofauti ya saa tatu au nne. Kila msomaji aisome orodha ifuatayo kwa jicho hilo, na alifute jiji lolote lililo mbali mno na saa ya nyumbani kwake, hata kama mimi nimeliweka juu.

Nafasi ya kwanza: Vienna

Ninaiweka Vienna mbele kwa sababu ni jiji lisilopoteza muda wa mgeni. Treni ya moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege hufika Wien Mitte, katikati ya jiji, kwa dakika 16, na treni ya kawaida huchukua dakika chache tu zaidi kwa nauli ndogo, kwa hiyo hakuna haja kubwa ya kuilipia ile ya haraka. Baada ya hapo jiji lenyewe linakuongoza. Mwaka 1857 Mfalme Franz Joseph aliamuru kuta za zamani zilizouzunguka mji zibomolewe, na mahali pake pakajengwa barabara pana ya Ringstrasse. Jumba la opera, bunge, ukumbi wa jiji, chuo kikuu na makumbusho mawili makubwa yanayotazamana yote yamepangwa kando yake, kiasi kwamba mtu mwenye viatu vizuri anaweza kuyapitia yote katika asubuhi moja kabla ya kuamua aingie wapi.

Mahali pa kuingia kwanza ni Kunsthistorisches Museum, jumba la makumbusho ya sanaa lililofunguliwa mwaka 1891, ambalo chumba chake cha michoro ya mchoraji Pieter Bruegel Mkubwa hakina mfano duniani. Simama karibu na mchoro wa wawindaji wanaorudi kwenye theluji, wa mwaka 1565: mbwa wamechoka, vichwa vimeinama, na chini kabisa bondeni kuna watu wadogo kama mchwa wanaoteleza juu ya barafu. Kazi hiyo moja inastahili nusu saa yako, na Vienna inakupa nusu saa hiyo bila kukusukuma.

Jioni kuna jambo ambalo wageni wengi hulipita kwa kudhani ni la matajiri. Jumba la opera la taifa huuza tiketi za kusimama siku ileile ya onyesho, kwa bei ndogo mno kuliko ya viti, na baadhi ya nafasi hizo ziko nyuma ya viti vya gharama, zikitazamana na jukwaa. Wenyeji huja mapema, hufunga skafu kwenye kingo mbele ya mahali walipopachagua, kisha hutoka kunyoosha miguu. Skafu ile inaheshimiwa kama jina lililoandikwa kwenye kiti. Ikiwa opera ndiyo inayokupeleka Vienna, usiende Julai wala Agosti, kwa kuwa miezi hiyo jumba huwa mapumzikoni. Ujue pia kwamba maduka mengi hufungwa Jumapili, hivyo manunuzi yafanywe Jumamosi.

Nafasi ya pili: Istanbul

Kwa utajiri wa mambo ya kuona, Istanbul inaizidi Vienna, na sina shaka juu ya hilo. Kilichoishusha ni umbali na msongamano. Uwanja wake mkubwa, uliozinduliwa mwaka 2018, uko mbali na mji wa kale, na barabara za jioni zinaweza kukula saa nzima na zaidi. Tangu Januari 2024 metro (treni ya chini ya ardhi) ya uwanja huo inafika Gayrettepe, ambapo unabadilisha na kuendelea hadi katikati. Ichukue hiyo badala ya teksi, hasa ukifika wakati watu wanatoka kazini. Jiji lina uwanja wa pili, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Usinunue tiketi kabla ya kuhakikisha ni uwanja upi, kwa sababu hoteli iliyo karibu na mmoja iko mbali sana na mwingine.

Hapa siku za kufungwa zinaweza kuiharibu ratiba kuliko mvua. Jumba la Topkapı hufungwa Jumanne, la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu, na Soko Kuu lililoezekwa hufungwa Jumapili. Mwenye siku nne asiyezipanga vizuri hujikuta mbele ya lango lililofungwa mara mbili au tatu. Hagia Sophia, iliyokamilishwa mwaka 537 kama kanisa wakati wa Mfalme Justinian, ikafanywa msikiti mwaka 1453, baadaye makumbusho, kisha msikiti tena mwaka 2020, sasa inawapokea watalii wa kigeni kwenye roshani ya juu kwa malipo, na mchana wa Ijumaa ni wa waumini. Dakika chache kutoka hapo, chini ya ardhi, kuna birika la kale lenye nguzo 336, ambalo linakupa ubaridi saa ile ambayo jua la juu halivumiliki.

Hata hivyo, kitu bora kuliko vyote katika jiji hilo hakina mlango wala foleni. Ni kivuko cha kawaida cha abiria kutoka Eminönü kwenda Kadıköy, safari ya dakika 20 hivi, kutoka Ulaya hadi Asia. Panda saa moja kabla ya jua kuzama na ukae nje, upande wenye upepo. Mhudumu atapita na sinia la chai katika vigilasi vyembamba kiunoni, shakwe watafuatana na meli wakingoja mtu awarushie kipande cha mkate, na nyuma yako minara ya misikiti itabaki kuwa vivuli vyeusi juu ya anga jekundu. Wageni hulipa fedha nyingi kwa meli za watalii zinazopita kwenye maji hayohayo, sioni sababu.

Nafasi ya tatu: Singapore

Hili ni jiji la siku tatu, na kwa siku tatu halina mpinzani. Treni za mjini zinaingia mpaka ndani ya uwanja wa Changi, maandishi ya Kiingereza yako kila mahali, na usiku mtu anatembea bila hofu. Kwa kuwa liko takriban kilomita 137 kaskazini mwa Ikweta, urefu wa mchana haubadiliki na hakuna mwezi wa kuukimbia kabisa; mvua ya radi inaweza kunyesha mchana wowote, hivyo asubuhi iwe ya bustani na alasiri iwe ya ndani. Bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1859 iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015 na haina kiingilio, isipokuwa sehemu ya okidi. Kabla ya kuwasili unatakiwa kujaza fomu ya kuingia nchini kwa mtandao, ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na fomu hiyo ni bure; tovuti inayodai malipo kwa ajili yake si ya serikali. Ukikaa siku tano au sita, jiji linaanza kukuishia mikononi, na ndiyo maana halikupanda zaidi ya hapa.

Nafasi ya nne: Lisbon

Uwanja wa ndege uko ndani ya jiji, na metro inafika humo, kwa hiyo saa moja baada ya kutoka forodhani unaweza kuwa umekaa ukitazama mto Tagus. Kinachokula saa za Lisbon ni vilima. Njia za miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo za miaka mingi, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Mwenye magoti mabovu alifikirie hilo kwa uzito. Tramu namba 28 hujaa watalii na wachomoaji mifukoni kuanzia katikati ya asubuhi, basi ipande mapema kutoka kituo cha mwanzo au usiipande. Usikose magofu ya kanisa la Carmo, lililopoteza paa lake katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 na kuachwa hivyo, matao yakiwa wazi kwa anga. Siku moja itoe kwa mji wa Sintra, dakika 40 hivi kwa treni.

Nafasi ya tano: Roma

Wengi watashangaa Roma kuwa ya tano. Treni kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino hadi stesheni kuu ya Termini ni dakika 32, na hapo hakuna tatizo. Tatizo ni foleni, ambazo kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba hugeuza siku nzima kuwa ya kusimama juani. Tiketi ya Colosseum, uwanja wa kale wa michezo, ina jina na saa ya kuingia, na inunuliwe wiki kadhaa kabla. Makumbusho ya Vatikano hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambayo huwa bure na kwa hiyo hufurika. Nenda Januari au Februari, na mimi mwenyewe ningeipandisha hadi nafasi ya pili. Mvua ya miezi hiyo isikutishe: Pantheon, hekalu la kale, ina tundu la duara juu ya kuba, na mvua inaponyesha matone hushuka moja kwa moja hadi sakafuni, ambako marumaru imetobolewa vitundu vya kupitisha maji.

Tokyo nimeiacha nje ya orodha kwa makusudi, ingawa naipenda. Jiji ambalo eneo lake zima lina watu takriban milioni 37, lenye stesheni kama Shinjuku yenye milango zaidi ya 200, linahitaji wiki mbili, na kulipatia siku tano ni kulidhulumu. Akiba ya likizo za miaka miwili ikiruhusiwa na mwajiri wako, iunganishe na uende huko.

Kwa anayehitaji viza, ukumbuke kwamba Vienna, Lisbon na Roma ziko katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla yake. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka eneo hilo. Tangu Oktoba 2025 mpaka wa eneo hilo umeanza kutumia mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo anayeingia kwa mara ya kwanza asipange miadi yoyote katika saa mbili za mwanzo. Usilipie tiketi isiyorudishwa kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti. Weka nafasi inayoweza kufutwa, hata kama imeongezwa bei kidogo. Na siku utakapolipa kwa kadi hotelini au dukani, mashine ikikuuliza ulipe kwa fedha ya nyumbani kwako au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo, kwa sababu ile nyingine hubadilishwa kwa kiwango alichojipangia mwenye mashine.