Tiketi mbili, meli moja, na chumba tulichotolewa Malindi

Nina hasira hizi tangu kabla ya mfungo. Kila nikisema niziache zinanirudi, kwa hiyo naandika. Jina la meli naliacha. Ninalotaka mlijue ni hili: ukinunua safari mbili zinazofuatana katika meli moja, Mkoani kule Pemba hadi Unguja halafu Unguja hadi Dar, usidhani chumba ulicholala usiku ni chako mpaka mwisho. Mimi nilidhani hivyo, na aliyelipia kosa hilo ni mama yangu.

Mama anaumwa presha ya macho. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ugonjwa huu ndivyo unavyokula, huanzia pembeni, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kila baada ya miezi kadhaa tunatoka Chake, tunateremka Mkoani, tunapanda meli ya usiku. Asubuhi tuko Unguja, na meli hiyo hiyo ikishashusha watu na mizigo inaendelea Dar, nasi tunakwenda zetu hospitali ya CCBRT, Msasani. Ndege mama haitaki, na mimi sina uwezo wa kumlazimisha wala wa kulipia kila mara.

Mama akiingia mahali papya kazi yake ya kwanza ni kuhesabu. Anaweka kiganja ukutani, anakwenda, anarudi. Usiku ule alihesabu kutoka kitandani hadi mlangoni hatua 3. Kutoka mlangoni hadi chooni 7. Kutoka mlangoni hadi mlango wa kutokea sitahani 11. Ilimchukua karibu nusu saa, watu wanampisha ukumbini na mabegi yao, naye anaomba radhi na kuendelea. Akishamaliza huwa hataki tena kushikwa mkono. Marehemu baba alikuwa baharia, na nyumbani kwetu chumba cha melini bado tunakiita kamra. "Sasa hii kamra naijua," akaniambia, akavua viatu.

Huo mlango wa sitahani una sababu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikija Pemba, imepakia watu kupita kiasi, mtoto wa mama yangu mdogo alikuwemo. Mama ndiye aliyemlea. Maiti yake haikuonekana, na jina lake hatukuliona katika orodha yoyote tuliyosomewa. Tangu hapo mama halali ndani ya meli yoyote mpaka aijue njia ya kutokea nje, na tukikaribia Nungwi huamka akakaa na tasbihi yake mpaka tupite.

Safari ya kwanza sina neno la kuilalamikia, na nisiposema hivyo nitakuwa mwongo. Chumba kilikuwa safi. Shuka zinanukia sabuni. Kulikuwa na friji ndogo kando ya kitanda, inafanya kazi kweli, nikatia humo dawa ya matone ya mama, maana kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kiwe kwenye baridi, nyuzi 2 mpaka 8. Tulikunywa chai yetu ya kwenye chupa kwa mkate wa kumimina. Kusi ilikuwa inavuma, na tulipoiacha Makoongwe nyuma meli ikaanza kuyumba, lakini baada ya Nungwi, tulipoingia upande wa Tumbatu, bahari ikatulia na mama akalala kweli. Ningeandika saa ile ningewasifu mpaka mchoke kusoma.

Tukafunga gati Malindi, bandarini Unguja. Mama alikuwa juu ya mswala anamalizia alfajiri. Mimi kichwa wazi, nachana nywele. Mlango ukafunguliwa kwa nje, kwa ufunguo. Hodi hakuna. Salamu hakuna. Kijana, shati jeupe, karatasi mkononi.

"Tokeni, chumba kinasafishwa."

Nikajitupia mtandio. Nikamwambia, "Sisi tunakwenda Dar, kaka. Tiketi hizi hapa."

"Hiyo safari nyengine. Chumba hichi kuanzia hapa kina wenyewe."

"Mama anasali."

"Naona. Nina vyumba 6 vya kugeuza."

Akabaki palepale mlangoni. Mama akafika kwenye kutoa salamu. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto, na huko kushoto ambako haoni kitu ndiko alikosimama yule kijana. Mama hakujua kama mwanamume yuko karibu naye kiasi kile. Alipomsikia akikohoa alishtuka mpaka akashika ukuta. Nimepanda meli tangu mtoto. Nimetapikiwa, nimekanyagwa, nimelala juu ya magunia ya karafuu. Sijaumia kama nilivyoumia pale. Nyumba ya mtu Pemba, hata ikiwa ya udongo na mlango wake ni pazia, mtoto wa miaka mitano anajua kupiga hodi na kungoja aitikiwe.

Tukatoka. Begi, kapu la mikate ya mofa ya kuwapelekea wenyeji wetu Temeke, mkungu mdogo wa ndizi, chupa ya chai, mswala haujakunjwa. Na chumba kipya hakijawa tayari! Waliokuwamo walikuwa bado wanafunga mizigo yao. Tukaketi kwenye ngazi saa nzima au zaidi, mahamali wanapita na magunia, kila mmoja anasema "pisha mama, pisha mama," na mama anavuta miguu bila kujua gunia linatokea upande gani.

Kwenye ngazi pale nilipata nafasi ya kuzisoma tiketi zetu vizuri. Kila moja ilikuwa na nambari yake ya chumba. Hilo nalikubali, ni langu: nambari ya pili iliandikwa, na mimi sikuisoma. Meli inauza kila kipande cha safari peke yake, na aliyeko Unguja akinunua chumba mapema anakipata, hata kama ndani yake analala mtu anayetoka Pemba. Nimelielewa hilo. Ila niliyemlipa pesa dirishani Chake alinikatia tiketi zote mbili kwa mkupuo mmoja, akamwona mama amesimama kando yangu anapapasa kaunta, na hakusema, "Bibie, Unguja mtahama." Maneno matatu.

Chumba kipya kilikuwa ghorofa ya chini. Kitanda upande mwengine. Choo mbali. Kufika sitahani lazima upande ngazi ya chuma, na mlangoni pana kizingiti cha chuma kilichoinuka, kama ilivyo milango mingi ya meli. Mama akaanza kuhesabu, akasema "moja, mbili," na kwenye ya tatu akaupiga muundi kwenye kizingiti kile. Hakulia. Alikaa kitandani akaupangusa kwa kanga, akasema, "Basi mwanangu, nitakaa tu mpaka Dar." Mwanamke ambaye usiku alikwenda chooni peke yake mara mbili.

Hapo ndipo nilipokumbuka dawa. Iko kwenye friji. Juu.

Nikapanda mbio. Yule kijana yuko ukumbini, anaweka alama kwenye karatasi yake.

"Humo washaingia watu," akasema.

"Dawa ya macho ya mama imo kwenye friji. Naomba uwagongee."

"Ingekuwemo, wasafishaji wangeileta."

"Kaka, nimeitia kwa mkono wangu."

"Siwezi kuwasumbua abiria."

Nimelirudia neno hilo siku nyingi. Siwezi kuwasumbua abiria. Na sisi saa ile alfajiri tulikuwa nani? Tuna tiketi, tumelipa nauli ya chumba mara mbili, na tulikuwa ndani ya chumba kile kile mlango ule ule. Ina maana uabiria wetu ulikatika meli ilipogusa gati, ukaanza tena tuliposhushwa chini?

Nikagonga mwenyewe, nikaita hodi. Akafungua mzee wa makamo, mkewe nyuma yake anapanga kanga. "Karibu mwanangu." Nikamweleza. Akafungua friji, akatoa kichupa, akanipa kwa mikono miwili. Akauliza mama yuko wapi, nikamwambia. Wakatazamana yeye na mkewe, hata hawakusemezana. "Mlete bi mkubwa apande huku," akasema. "Sisi wazima wa macho na miguu, tutashuka."

Kijana akawa ameshafika. "Haiwezekani. Majina yameshaandikwa."

Na mimi nikanyamaza. Nitakuwa mkweli, hapo alinishika. Mwaka 2011 tulisimama tukisomewa orodha tukimsubiri mtu wetu na jina lake halikutajwa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar, njia ile ile tuliyokuwa tunakwenda kupita muda mfupi baadaye. Mtu wa kwanza kutaka majina yaandikwe na yasichezewe ni mimi. Nikamshukuru mzee, nikashuka na kichupa changu, na kwa muda nikaona labda nimemdhulumu yule kijana, labda ana sheria zake na amechoka, vyumba 6 na watu wote wanamfokea.

Tulipokuwa tunaiacha Chumbe ndipo akili ikanirudia. Majina gani? Mzee na mkewe wangekuwa melini, sisi tungekuwa melini, idadi ile ile, majina yale yale. Kilichokuwa kinabadilika ni nani analala wapi, nambari mbili kwenye karatasi moja, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alinifunga mdomo kwa jina la maiti wangu bila hata kujua, na mimi nikakubali. Nililia pale, mama asinisikie, kwa ile hasira ya kuwa jibu limekuja huku mtu wa kujibiwa hayupo.

Kuna mhudumu mmoja wa usafi lazima nimseme, mwanamke mtu mzima, jina lake nimelihifadhi kwangu. Alikuja na ndoo, akamwona mama amekaa wima kama mgeni msibani. Akatoa salamu, akaweka ndoo chini, akauliza. Hakutumwa na mtu. Akamshika mama mkono, "Twende tukaijue njia, bi mkubwa," wakaenda chooni wakarudi mara tatu, na mara ya tatu akamwacha aende peke yake, yeye anamfuata nyuma akihesabu naye kwa sauti. Kwenye kizingiti akamfundisha kukitafuta kwa ncha ya mguu kwanza. Mama akacheka! Kwa ajili ya mwanamke huyo nilipoulizwa naipa meli nyota ngapi nilitaka kuweka 4. Nikakumbuka ngazi, nikaweka 3. Nikakumbuka "siwezi kuwasumbua abiria," nikafuta, nikaweka 1. Sasa hivi iko 2 na sijui kama itabaki hapo.

Kilichonimaliza hasa ni safari ya kurudi. Dar, kabla sijatoa pesa, nikamwambia binti wa dirishani kuwa mama haoni vizuri, tunataka chumba kimoja mpaka Mkoani, tusihame Unguja. Akatazama kompyuta yake. Akabonyeza. "Kipo, mama. Nimewawekea nambari moja kwenye zote mbili." Haikufika dakika moja. Nilimshukuru, na nilipotoka pale nilikuwa na hasira kuliko niliyokuja nayo, maana kumbe linawezekana! Lilikuwa linawezekana tangu Chake. Kwa hiyo na nyinyi mnaosafirisha wazee na wagonjwa, semeni kabla ya kulipa, na msome nambari ya tiketi ya pili mkiwa bado dirishani. Ikishindikana chumba kimoja, ombeni walau ghorofa moja. Na dawa zikae mkobani na barafu yake, msizitie kwenye friji ya watu.

Malindi mara hii hakuna aliyefungua mlango wetu. Tulisikia wengine wakihamishwa ukumbini, mtoto analia, magurudumu ya mabegi. Mama alilala.

Usiku, meli inapanda na kushuka, niliamka nikaona kitanda chake kitupu. Nikatoka bila hata viatu. Alikuwa kwenye mlango wa sitaha, ameshika fremu kwa mkono mmoja, tasbihi kwenye mwengine, upepo unampeperusha kanga, taa ya Nungwi inawaka na kuzima mbali kule ambako yeye haoni. Nikangoja amalize kumsomea Fatiha mtoto wa mdogo wake.

"Umefikaje huku, mama?"

"Hatua 9," akasema. "Hii ya leo iko karibu."