FancyZones ya PowerToys: kupanga madirisha kwa kipimo chako

Windows 11 inakuja na upangaji wake wa madirisha: unabonyeza Windows+Z, unachagua kisanduku, dirisha linakaa. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Tatizo linakuja ukitaka vipimo vyako mwenyewe, kwa mfano Excel ichukue asilimia 60 ya skrini, kivinjari kikae kando yake na WhatsApp ibanwe chini ya kivinjari. Kwa kazi hiyo FancyZones haina mpinzani wa bure kwenye Windows. Ni sehemu ya PowerToys, kifurushi cha chanzo huria kutoka Microsoft, na kinakubali hata Windows 10 kuanzia toleo la 2004.

Kusakinisha, fungua Terminal uandike winget install Microsoft.PowerToys, au kitafute Microsoft Store. Andaa bando, maana faili lina mamia ya megabaiti: linabeba zana nyingine kibao ambazo huenda usiziguse kamwe. Usizozihitaji zizime. Zinakula RAM bure, na njia zao za mkato hugongana na za programu nyingine.

Kihariri cha mipangilio (layouts, yaani ramani za maeneo ya madirisha) kinafunguka kwa Windows+Shift+` (alama iliyo juu ya Tab). Kwenye kibodi za AZERTY (za Kifaransa) alama hiyo haipo hapo, kwa hiyo badilisha njia ya mkato mapema. Menyu ni za Kiingereza. Achana na violezo vilivyomo, tengeneza mpangilio mpya wa aina ya Grid. Ukibofya ndani ya eneo linagawanyika pale ulipobofya. Ukishikilia Shift, mstari wa kugawa unageuka mwelekeo. Kuunganisha maeneo mawili, buruta kipanya juu yake kisha uchague Merge. Nafasi kati ya maeneo huwa pikseli 16. Kwenye skrini ndogo huo ni ufujaji, ishushe hadi 4 au hata 0.

Kuanzia hapo, buruta dirisha huku umeshikilia Shift, maeneo yanajitokeza, liachie unapotaka. Ukiongeza Ctrl, dirisha moja linatandazwa juu ya maeneo kadhaa. Kuna kitu kimoja ambacho wengi hawakiwashi, nacho ndicho kinachoibeba programu yote: "Override Windows Snap". Ukiwasha, Windows+mshale inahamisha dirisha katika maeneo yako badala ya nusu-nusu za Windows, na kipanya unakisahau kabisa. Madirisha mawili yakilaliana kwenye eneo moja, Windows+PgUp au PgDn inayabadilisha.

Mpangilio wowote unaweza kuupa namba, kisha ukauita kwa Windows+Ctrl+Alt+namba hiyo. Kila skrini na kila eneokazi pepe (virtual desktop, eneokazi la ziada ndani ya skrini ileile) hubeba mpangilio wake.

Lalamiko la kawaida ni dirisha kugoma kuhama. Mara nyingi programu hiyo imefunguliwa kwa haki za msimamizi ilhali PowerToys haina haki hizo. Iwashe nayo kama msimamizi. Sababu nyingine ni programu yenye upana wa chini usiopungua: ukiipeleka kwenye eneo jembamba itavuka mpaka na kumfunika jirani, na hakuna mpangilio utakaoiponya zaidi ya kulipanua eneo. Ile baa ya Windows inayoshuka juu ya skrini unapoburuta dirisha nayo inakera. Inazimwa kwenye Settings, System, Multitasking.

Ndani ya kifurushi hichohicho mna Workspaces, iliyoongezwa mwaka 2024. Unapanga programu zako, unabonyeza Capture, na siku nyingine inazifungua zote pale zilipokuwa. Wazo ni zuri, utekelezaji bado mbichi. Haikumbuki vichupo vya kivinjari wala faili lililokuwa wazi: Chrome inafunguka, lakini kurasa zako hazimo. Dawa yake ni kuandika anwani kwenye kisanduku cha CLI arguments (maagizo ya ziada ya kuifungulia) cha programu hiyo, mfano --new-window ikifuatiwa na anwani ya ukurasa. Mwenye programu tatu zilezile kila asubuhi atanufaika. Mwenye kazi inayobadilika atachoka kuihariri.

Kabla ya kusakinisha chochote, angalia skrini yako. Laptopu ya 1366×768 ukiigawa safu tatu, kila moja inapata takriban pikseli 455, na tovuti nyingi zitajikunja kama ziko kwenye simu. Hapo gawa mara mbili tu, au tumia maeneokazi pepe ya Windows yenyewe: Windows+Ctrl+D kufungua jipya, Windows+Ctrl+mshale kuhama, Windows+Ctrl+F4 kulifunga. Kwenye 1920×1080 safu tatu zinasomeka, kila moja pikseli 640, ila kama ukuzaji wa maandishi na picha (Scale) uko asilimia 125 ni sawa na kuwa na upana wa 1536 tu, kwa hiyo urudishe 100 kwanza kama macho yanaruhusu.