Aina za Yoga kwa Kipimo cha Jicho la Mwalimu

Mtu anayetafuta darasa la yoga hukutana kwanza na majina: hatha, Iyengar, ashtanga, vinyasa, yin, kundalini, yoga ya chumba cha joto. Ahadi zinazoambatana na majina hayo zinafanana mno, yaani mwili mwepesi, akili tulivu na usingizi mzuri, hivi kwamba mwanafunzi mpya hajui kinachotofautisha darasa moja na jingine mpaka awe amekwisha kulipa ada. Nimehudhuria madarasa ya aina hizi zote, na katika tathmini hii natumia kipimo kimoja tu: je, mtindo wenyewe unampa mwalimu nafasi ya kumtazama mwanafunzi na kumrekebisha, au unamsukuma kuendelea mbele huku mwanafunzi akijitafutia njia peke yake? Mikao mingi ni ile ile kila mahali, na anayeumia huumia kwa sababu aliufanya mkao vibaya bila mtu wa kumwona.

Kwa kipimo hicho, Iyengar inaongoza kwa mbali. B. K. S. Iyengar (1918–2014), aliyefundisha kwa miongo mingi mjini Pune, India, aliacha urithi mkubwa wa kutumia vifaa: matofali ya mbao au sponji ngumu, mikanda, mablanketi, viti na kamba za ukutani. Wapo wanaodhani vifaa hivyo ni vya wazee na wagonjwa, na dhana hiyo huwanyima faida kubwa. Tuchukue mkao wa pembetatu, ambapo mtu hutanua miguu na kuinamia upande mmoja. Asiyeweza kufikisha mkono chini hujilazimisha, kifua kikageukia sakafu na uzito ukaangukia goti la mbele. Mwalimu wa Iyengar humwekea tofali chini ya kiganja, humwagiza akandamize ukingo wa nje wa unyayo wa nyuma, avute pia ya goti kuelekea juu, kisha ageuze kifua taratibu. Hapo mbavu hufunguka na pumzi hupita bila kukwama. Katika kusimama kwa mabega, mablanketi yaliyokunjwa vizuri hutandikwa chini ya mabega ili shingo isibebe mzigo usio wake. Walimu wake hupitia miaka kadhaa ya mafunzo na mitihani kabla ya kupata cheti, na jambo hilo huonekana wazi darasani. Kasoro yake ni mwendo: darasa zima laweza kumalizikia kwenye mikao michache, na anayetafuta jasho atachoshwa na maelezo kabla ya kuchoshwa na mazoezi.

Ashtanga iliasisiwa na K. Pattabhi Jois (1915–2009) wa mji wa Mysore, India, ambaye yeye na Iyengar walifundishwa na mwalimu mmoja, T. Krishnamacharya, ingawa mitindo yao imeachana sana. Katika ashtanga mikao hufuatana kwa mpangilio usiobadilika, mingi ikishikiliwa kwa pumzi tano na kuunganishwa kwa miondoko inayokwenda na pumzi. Yapo madarasa ambayo mwalimu huhesabu na wote hufuata kwa pamoja, na hayo siyasifu sana. Ninachokisifu kwa dhati ni mtindo unaoitwa Mysore, ambapo kila mwanafunzi hufanya mazoezi aliyoyahifadhi, kwa mwendo wa pumzi yake mwenyewe, huku mwalimu akizunguka kimya kimya kutoka mkeka hadi mkeka. Mkao mpya haupewi mtu mpaka ule wa kabla yake utulie. Sijaona mpango mwingine unaomwezesha mwalimu mmoja kuwahudumia watu wengi chumba kimoja na bado kila mmoja akafunzwa kwa kadiri yake.

Hata hivyo, ashtanga hudai mengi. Desturi yake ni kufanya mazoezi siku sita kwa juma, na mikao ya nusu-yungiyungi, ambapo unyayo mmoja hupandishwa juu ya paja la mguu wa pili, katika mfululizo wa kwanza ni hatari kwa goti la mtu ambaye nyonga zake hazijafunguka, kwa kuwa nyonga isipozunguka, goti ndilo hulazimishwa kupinda upande. Aidha, mtindo huu una mazoea ya mwalimu kumsukuma mwanafunzi kwa mikono, na baadhi ya wanafunzi wa zamani wa Jois mwenyewe wamejitokeza hadharani kueleza kwamba aliwagusa isivyostahili. Mwalimu yeyote anayegusa mwili wa mtu bila kuomba ruhusa hafai, awe na sifa kubwa kiasi gani, na mwanafunzi asione haya kusema kwamba hataki kuguswa.

Vinyasa imechipuka humo humo katika ashtanga, ila mpangilio hutungwa na kila mwalimu, mara nyingi kwa muziki. Inachangamsha moyo, inatoa jasho, na haichoshi kwa kurudia yale yale. Tatizo lake ni kasi. Mwanafunzi hushuka kutoka mkao wa ubao, yaani mwili ulionyooka juu ya viganja na vidole vya miguu, mara nyingi katika somo moja. Viwiko vikitawanyika na mabega yakazama chini ya usawa wa viwiko, kosa hilo hurudiwa kila mara bila kusahihishwa, na bega huanza kulalamika baada ya majuma machache. Mwalimu anayefanya somo zima juu ya mkeka wake mwenyewe hawezi kuliona. Ningeipendekeza kwa mtu aliyekwisha kujifunza misingi kwingine.

Yoga ya chumba cha joto ndiyo iliyoniridhisha kwa uchache zaidi. Mtindo alioueneza Bikram Choudhury una mikao 26, dakika 90, na joto la nyuzi 40 hivi za Selsiasi, huku mwalimu akitamka maelekezo aliyoyakariri. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba mfuatano huo hauwezi kulindwa kwa hakimiliki. Joto hulainisha misuli na kumpa mtu hisia ya kunyumbulika kuliko uwezo wake halisi, naye huvuka mpaka bila kujua. Uzito unaopungua siku hiyo ni maji kwa sehemu kubwa. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo wasiingie kabla ya kushauriana na daktari.

Yin hushikilia kila mkao wa sakafuni kwa dakika kadhaa, na humfaa anayekaa kitini kutwa nzima, ila mwenye viungo vilegevu kwa maumbile ajihadhari. Yoga ya kupumzisha mwili, inayotumia mito mirefu na mablanketi, ni pumziko la kweli kwa aliyetoka kuugua. Kundalini huegemea pumzi za kasi, nyimbo na kutafakari, hivyo anayetaka kurekebisha mgongo atafute kwingine.

Linabaki darasa lililoandikwa hatha tu, jina pana ambalo kila mwalimu hulijaza kwa njia yake. Kabla ya kulipa, muulize alifunzwa na nani, hupokea wanafunzi wangapi kwa mara moja, na humfanyia nini mwenye goti bovu. Anayejibu kwa kutaja mikao atakayoibadilisha na vifaa atakavyotumia anastahili kujaribiwa. Anayejibu kwamba yoga yake inamfaa kila mtu, tafuta mwingine.