Uhakiki wa The Story of Manu: Hadhi ya Kitelugu Ipimwe kwa Ushairi Wake

Wanaobishana kuhusu lugha za Uhindi aghalabu hushindania umri, na huko Kitelugu, lugha ya kusini mwa nchi hiyo, hakishiki nafasi ya kwanza. Maandishi ya Kitamil yaliyochongwa mapangoni yalitangulia kuzaliwa kwa Kristo, ilhali jiwe la Kitelugu linalotajwa zaidi, lile la Erragudipadu katika wilaya ya Kadapa, ni la mwaka 575 hivi. Serikali ya Uhindi nayo ilikitambua Kitamil kuwa lugha ya fasihi ya kale mwaka 2004 na Kisanskriti mwaka 2005, kisha Kitelugu na Kikannada mwaka 2008. Kwa maoni yangu, hoja nzito zaidi ya Kitelugu imo katika kazi za washairi wake, na anayetaka kuipima mwenyewe aanze na The Story of Manu, kitabu kilichotolewa mwaka 2015 katika mfululizo wa Murty Classical Library of India.

Hii ni tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa na Velcheru Narayana Rao na David Shulman, ya shairi refu la Allasani Peddana, aliyeishi katika baraza la Krishnadevaraya, mfalme wa Vijayanagara, dola ya kusini mwa Uhindi, kuanzia 1509 hadi 1529. Mfalme huyo, ambaye raia wake walisema lugha kadhaa, alitunga kwa Kitelugu utungo wake mkuu, na ndani yake mungu anamtokea ndotoni na kumwambia kwamba miongoni mwa lugha za nchi Kitelugu ndicho bora. Wakati huo ushairi ulioandikwa wa lugha hiyo ulikuwa umekwisha kukomaa kwa takriban miaka 500, tangu mshairi Nannaya alipoanza kuitunga upya Mahabharata, utenzi mkuu wa Kisanskriti, katika karne ya 11.

Ukomavu huo unaonekana wazi katika kisa kimojawapo cha shairi hilo la Peddana, cha Pravara, Brahmini (mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu) mcha Mungu anayepakwa dawa miguuni na kufika Himalaya mara moja, kisha theluji inaiyeyusha dawa naye anakosa njia ya kurudi kwake. Anapomwuliza njia Varuthini, mwanamke wa mbinguni, huyu anamjibu kwamba mwenye macho makubwa kama yake hana haja ya kuulizia njia, ila anatafuta kisingizio cha kuzungumza na wasichana faraghani. Katika jibu hilo moja mna utani, tamaa na hatari, na wafasiri wameyahifadhi yote matatu.

Kitelugu kimechapwa kwa hati yake katika kurasa za kushoto, kwa herufi za mviringo zilizochorwa mahsusi kwa ajili ya mfululizo huu, nazo zinasomeka vizuri mno. Kilichopotea ni muziki. Peddana hubadili bahari ubeti baada ya ubeti na kuchanganya nathari, tofauti na utenzi wetu unaoshika mizani moja mwanzo hadi mwisho. Tena katika bahari nyingi za Kitelugu kina hukaa kwenye konsonanti ya silabi ya pili ya kila mstari. Kiingereza cha wafasiri ni chepesi na safi, lakini hakina vina hivyo, na sidhani kama kingeweza kuwa navyo bila kuharibu maana. Kwa hiyo namshauri msomaji atafute pia sauti ya mtu anayeghani beti za Pravara na Varuthini kwa Kitelugu, aisikilize huku amefungua kurasa zake.