Makaa ya vifuu ya Mtongwe: kwa samaki wa kupaka ndiyo, kwa chapati hapana

Mimi napika kwa biashara, mtaa wa pili kutoka kambi ya Nevi, jeshi la wanamaji, hapa Mtongwe, Likoni, Mombasa, na wateja wangu wengi ni watu wa kambini na jamaa zao. Natanguliza hilo mjue kwamba makaa kwangu si kitu cha kuchomea mshikaki Jumapili. Ni gharama inayofuata samaki. Kina mama wa kikundi cha mtaani walipoanza kupitisha mifuko ya makaa ya vifuu, yaani maganda magumu ya nazi, sikununua kwa kuwaonea haya. Nilitaka kujua yatanipikia nini na yataniachia shilingi ngapi.

Mfuko ni wa karatasi ya kaki, kilo mbili, shilingi 120. Umepigwa muhuri wa wino wa buluu: mnazi, nanga, na chini yake MTONGWE kwa herufi kubwa. Ndani mna vipande vya duara vyenye tundu katikati, kila kimoja urefu wa kidole.

Nimewatazama wakiyatengeneza, kwa sababu vifuu vingine vinatoka kwangu. Kwanza vinakauka juani. Kisha vinatiwa ndani ya pipa la mafuta lililotobolewa chini, vinawashwa, na moto ukishashika wanaziba hewa ili vigeuke makaa visimalizike kuwa majivu. Vikipoa vinatwangwa, unga ule unakandwa kwa uji wa muhogo, unasukumwa kwenye mashine ya mkono unatoka kama mnavyouona, unaanikwa. Muhogo ndio gundi pekee. Hatua ya pipa ina moshi, tusidanganyane, na majirani wamelalamika. Siku hizi wanachoma alasiri, na wakati wa kusi upepo unaupeleka moshi wote upande wa bandari.

Sasa jikoni. Kuwaka, yanachelewa. Ukiyatia peke yake kwenye seredani utapepea mpaka mkono uchoke, dakika 20 na bado rangi ni nyeusi. Usiyamwagie mafuta ya taa, harufu itakaa kwenye chakula. Dawa yake ni kuweka makaa machache ya mti chini, yakishaiva unapanga ya vifuu juu yake, tundu zikitazama juu, na unaondoka zako ukakune nazi. Ukirudi yamekolea.

Yakishakolea, hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu wale kina mama. Hayaruki cheche. Hayana moshi. Moto wake umetulia, na majivu yanabaki mahali pake hayapeperuki. Anayepika samaki wa kupaka anajua maana yake. Samaki unamgeuza, unampaka tui zito lenye ukwaju na pilipili, unamgeuza tena, unapaka tena, na makaa ya mti yakiwa mabaya kila tone la tui linaloanguka linakurushia majivu yakakae juu ya samaki. Haya hayakufanyi hivyo. Changu wangu anatoka mwekundu, tui limemshika, na chini hajaungua. Kijana mmoja wa kambini, mla samaki wa kwangu tangu ana cheo kidogo, aliniuliza, "Mama, leo umebadilisha samaki?" Nikamwambia, "Samaki ni yule yule, mwanangu, nimebadilisha moto."

Wali wa nazi pia. Sisi tunapalia, tunaweka makaa juu ya kifuniko ili wali uive juu na chini, na vipande hivi vina umbo, vinashikika kwa koleo na havibomoki juu ya sufuria. Ukoko unakuja mwembamba, wa rangi ya dhahabu. Maharagwe ndiyo yaliyonionyesha hesabu: nilikuwa natumia mikebe miwili ya makaa ya kawaida, mkebe shilingi 80, na katikati lazima niongeze. Ya vifuu, chini ya nusu ya mfuko inatosha kutoka alasiri mpaka isha bila kuyagusa. Shilingi 160 dhidi ya 60, haihitaji mhasibu.

Chapati, hapana. Chapati inataka moto unaokusikiliza, ukipepea unapanda, ukiacha unashuka. Haya hayasikilizi mtu. Ya kwanza inakauka kabla ya kuvimba, na ukisema upunguze, unapunguza nini? Chapati nimezirudisha kwenye makaa ya mti. Chai ya alfajiri, watu wa bandari wanapita mbiombio kuwahi kuvuka, ile ni kazi ya gesi.

Kasoro yake kubwa ni unyevu. Muhogo uliokauka unanywa maji, na hewa ya hapa unaijua, chumvi inayeyuka kwenye kopo. Masika nilifungua mfuko nikakuta makaa yamevunjikavunjika kama biskuti, chini ni unga mtupu. Nilimpelekea mwenyekiti wao. Hakubishana, alinibadilishia papo hapo, na hilo nampa alama zake. Lakini nilipomwambia, "Dada, tieni kwenye kitu kingine," akasema, "Kitu gani? Nailoni serikali ilishaikataza." Ni kweli, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na karatasi ndiyo inayopatikana kwa bei yao. Mimi nayamwaga kwenye ndoo yenye kifuniko siku ile ile ninayonunua. Mteja mgeni hajui hilo, na mfukoni hawajaliandika. Waliandike. Muhuri una nafasi ya nanga, hautakosa nafasi ya maneno mawili: weka pakavu.

Na tukifika kwenye maandishi. Nyuma ya mfuko imeandikwa kwamba kila mfuko unaokoa mkoko. Hapo mimi nawapinga, na nimewaambia uso kwa uso. Makaa tunayochoma Likoni mengi yanatoka vichaka vya Kwale na Tana River, hayatoki kwenye mikoko. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, gunia lilipanda bei mpaka baadhi yetu tukafunga biashara kwa muda. Miti iliyokuwa ikikatwa kwa ajili yetu ilikuwa ya huko bara. Mikoko yetu ya upande wa Port Reitz ina adui wengine: boriti, kuni, na tope. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo hapo kwenye hori la Mwache ukaifunika mizizi, miti ikafa imesimama. Mfuko wa makaa hauwezi kuzuia hayo.

Wangeandika ukweli ungetosha. Vifuu zamani tulikuwa tukivitupa nyuma ya nyumba, vikishika maji ya mvua, vikizaa mbu. Waliougua dengi Mombasa mwaka 2013 hawahitaji kuelezwa zaidi. Siku hizi hupati kifuu kimetupwa njiani Mtongwe, watoto wanaviokota kwa kushindana kwa sababu gunia linabadilishwa kwa mfuko wa makaa. Na mikoko wanapanda kweli, fungu la pesa linakwenda huko, ila hiyo ni kazi nyingine kabisa, isichanganywe na makaa. Mwanzo walichomeka mikoko magondi mbele kabisa, bahari ikaibeba. Wazee wavuvi wakawaambia mbele ni pa mlilana, mkoko wa aina nyingine, magondi yarudi nyuma. Walisikia. Miche ya mara ya pili imesimama, nenda maji yakitoka ukaitazame, lakini vaa viatu usivyovipenda.

Kuhusu lile jina kwenye muhuri. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa Desemba 1964, makao yake makuu yako hapa, na wanaokuja kutoka bara wanajua Mtongwe ni kambi. Wasiojua kambi wanajua feri, ile iliyozama tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272. Ukisema kisiwani kwamba unatoka Mtongwe, mkubwa wa umri wangu atanyamaza kidogo kabla ya kuuliza jambo lingine. Kwa hivyo binti wa kikundi aliyechora ule muhuri aliponiuliza kama herufi si kubwa mno, nilimwambia hata zingeongezwa. Kuna kijana wa kambini alihamishwa Manda akabeba mifuko kwenye begi lake, akapeleka makaa ya vifuu Lamu, mahali ambapo vifuu vimejaa tele! Mkewe alinieleza kwa kucheka, na mimi nilicheka, ila nilimwelewa.

Wanajeshi, kwa kweli, ndio wanaowapa soko la uhakika. Familia za kambini zinanunua mwisho wa mwezi, mifuko mingi kwa mkupuo, na ndiyo maana katikati ya mwezi unapata kwa urahisi na tarehe 1 hupati hata mmoja. Sisi wauzaji wa chakula tungependa tuwekewe akiba yetu pembeni. Nimeomba, wamesema watafikiria, tangu masika wanafikiria.

Alama zangu: kwa samaki na wali, kumi juu ya kumi. Kwa maharagwe, tisa, kwa vile kuyawasha kunachosha. Kwa chapati, tatu. Kwa mfuko wenyewe, nne, mpaka wauandike vizuri.

Wanauza asubuhi karibu na steji ya matatu, na alasiri pale wanapoanika. Ukichukua mifuko mitano wanakupunguzia shilingi 50. Mwenye vifuu aje navyo vimekauka na vimekwanguliwa safi. Vyenye nyama ya nazi hawapokei, vinaleta panya.